Serikali ya Sebuleni

Mtoto wa kwanza niliyemfundisha uraia Stockholm alinitajia baraza zima la mawaziri bila kukosea jina hata moja, na baadhi ya hao mawaziri walikuwa wameshauawa. Alisimama wima katikati ya sebule, mikono nyuma, msichana wa miaka kumi na tatu aliyevaa soksi nene za sufu, akaanza na Mambo ya Ndani akashuka mpaka Maji na Madini. Baba yake alikaa kwenye kochi akimfuata kwa midomo. Binti alipomaliza, baba alinigeukia akiwa amejaa fahari.

"Unaona, Mwalimu? Hakuna alichosahau. Wewe endelea kutoka hapo."

Niendelee kutoka wapi? Serikali ile ilikuwa imepinduliwa na wanajeshi miaka miwili na zaidi nyuma. Bunge lilikuwa limefungwa. Katiba haikumlinda mtu. Watumishi wa serikali waliookoka walikuwa wametawanyika kila pembe ya dunia, na mmoja wao ndiye huyo aliyekaa kochini akiniambia niendelee. Hata leo nikikumbuka jinsi yule mtoto alivyonitazama, akisubiri nimpongeze kwa kukariri majina ya marehemu, hasira inanipanda upya.

Nilikuwa nimetoka Morogoro kuja kusomea elimu ya watu wazima, nikipanga chumba Sundbyberg, pembeni mwa Stockholm. Familia ile ilitoka Uganda, na nilikutana nayo kwenye sherehe ya uhuru, katika ukumbi wa kanisa uliokodishwa, ambako watu wa Afrika Mashariki tulikula pilau ya mchele usiofaa kwa pilau na kubishana juu ya siasa za makwetu. Baba alikuwa afisa wa wilaya huko kwao. Huku alikuwa akipanga maboksi kwenye ghala, katika eneo la viwanda lililokuwa nyuma ya maghorofa yao, kusini kabisa mwa jiji. Kiswahili alikijua vizuri. "Mimi mtu wa Tororo," alipenda kusema, "Kiswahili changu ni cha reli, si cha kambi ya jeshi." Aliposikia kwamba nilikuwa mwalimu, na kwamba Kiswidi changu kilikuwa kimeanza kukaa sawa, hakuniacha tena jioni ile.

Watoto wake watatu hawakwenda shule. Nilidhani nimesikia vibaya. Katika nchi ambayo shule ni bure, chakula cha mchana bure, penseli bure, yeye alikuwa ameomba ruhusa ya kuwafundishia nyumbani, na ofisi ya shule ilikuwa imemkubalia kwa mwaka mmoja mmoja, kwa sababu aliwaambia kwamba familia ingerudi kwao karibuni. Mkewe, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliwafundisha hesabu na Kiingereza mezani jikoni. Kiswidi walikuwa na vitabu vyake, na zaidi walikiokota dukani na kwenye chumba cha kufulia cha jengo lao. Ofisi ilitaka kitu kimoja zaidi: mtu wa kuwafundisha jinsi nchi inavyotawaliwa, ya kwao na ya Waswidi pia. Hapo ndipo nilipohitajika mimi.

"Krismasi ijayo tutakula kwetu," aliniambia. "Sitaki wafike pale wakiwa Wazungu wadogo wasiojua hata nani waziri wao."

Nilikubali. Nilipenda watoto na nilikuwa mpweke, na mama wa nyumba ile alipika ugali mgumu kama wa nyumbani. Kila Jumamosi nilipanda treni mpaka mjini, nikabadilisha, nikashuka kusini. Tulikaa sebuleni chini ya ramani ya Uganda, na kando ya ramani yalisimama masanduku ya safari ambayo mama yao hakuwahi kuyafungua yote. Akihitaji kitu alifungua kidogo, akachomoa, akafunga tena.

Yule msichana ndiye aliyenifanya nishindwe kunyamaza. Siku moja, baba akiwa kazini, nilimkuta kwenye dirisha la jikoni akitazama watoto wa majirani wakirudi na mikoba yao. Nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiswidi, kama walivyofanya wote watatu. Aliniambia kwamba vuli ile, mwezi wa nane, wenzake wa umri wake wangeingia darasa la saba, katika shule nyingine kubwa zaidi, na kwamba madarasa yangechanganywa upya.

"Siku hiyo kila mtu atakuwa mgeni," alisema. "Nikianza siku hiyo hakuna atakayeniona. Nikianza mwaka unaofuata nitakuwa mgeni peke yangu."

Alikuwa ameyapiga hesabu yote mwenyewe, dirishani, bila mtu wa kumwambia. Tangu hapo nilijua ninachokipigania katika nyumba ile: siku moja ya mwezi wa nane, mtoto mmoja aingie mlangoni pamoja na wageni wenzake.

Nilimwambia baba yake waziwazi. Nilimkuta amekaa na redio yake ya masafa mafupi, sikio limebanwa kwenye spika, akitafuta habari za kwao kati ya mikwaruzo.

"Kaka, mpeleke huyu binti shule. Mkirudi atarudi nanyi. Shule haimfungi mtu miguu."

"Mwalimu, wewe una kwenu," alinijibu bila kuinua kichwa. "Ukimaliza kusoma utapanda ndege. Mimi nikimwandikisha huyu shule yao, nimekubali. Nimesema basi, nimeshindwa, yule mshenzi akae ikulu mpaka azeeke."

"Kwa hiyo mtoto ndiye alinde kiti chako mpaka urudi?"

Hapo aliinua kichwa. Mkewe aliita kutoka jikoni kwamba chai iko tayari, na mazungumzo yakafa. Ndani ya treni nilikuwa bado nikimjibu peke yangu, mpaka Mswidi mmoja akahama kiti.

Nikaona nimfundishie humo humo ndani ya somo alilonipa. Kama alitaka uraia, angeupata. Niliwaambia watoto kwamba tutafanya uchaguzi, na nitauendesha kama tunavyouendesha kwetu Tanzania. Nikawaeleza jinsi wagombea wawili wa ubunge wanavyopewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Nikawaeleza jinsi wagombea hao wanavyozunguka pamoja, wakipanda jukwaa moja, kila mmoja akipewa muda sawa na mwenzake, na hakuna ruhusa ya kuomba kura kwa kabila wala kwa dini. Kisha nikawaeleza kura ya rais, ambapo karatasi ina picha ya mgombea upande mmoja na kivuli upande wa pili, Ndiyo na Hapana.

Baba yao alicheka mpaka akakohoa. "Watu wa Tanzania! Mtu anashindana na kivuli chake mwenyewe!"

"Ndiyo. Na kivuli chetu hakijamtupa mtu mtoni, kama huyo wenu wa ikulu."

Nilijuta nusu na nusu sikujuta. Aliacha kucheka, akasema, "Umenipiga pabaya, dada," na cha ajabu ni kwamba baada ya hapo alilipenda somo. Ilitokea kwamba katika wilaya yake aliwahi kusimamia uchaguzi. Alivuta kopo kubwa la unga wa kakao, akalitoboa mfuniko kwa kisu, akawaonyesha watoto jinsi sanduku linavyopinduliwa mbele ya mashahidi wote waone halina kitu, jinsi linavyofungwa na kutiwa nta ya mshumaa. Aliwasimulia jinsi alivyolala juu ya sakafu ya saruji kando ya sanduku la kura, kwa sababu wakubwa fulani walitaka lipotee. "Kura ya mtu ni mtu," aliwaambia. Nilimheshimu siku ile. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo kweli, na kwa sababu inanikasirisha zaidi.

Tulianza na kura ya chakula cha Jumamosi: jembe ni ugali, nyumba ni wali. Wali ulishinda na baba akaula bila kulalamika. Watoto walifurahi kupita kiasi. Mdogo wao wa miaka saba, ambaye hakulikumbuka tena jembe la kwao, alilichora likafanana na fimbo ya mchezo wa kwenye barafu, na ndivyo tulivyolipigia kura.

Majira ya kuchipua, mkaguzi wa ofisi ya shule aliandika kwamba angekuja kuona masomo kabla ya kuamua kama ruhusa iendelee mwaka mwingine. Jumamosi iliyofuata yule binti aliinua mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu, naweza kuleta hoja ya kupigiwa kura?"

"Unaweza."

"Nyumba, tunaendelea kusoma nyumbani. Jembe, tunakwenda shule."

Alisema kwa Kiswahili kitupu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nilimtazama baba yake. Nilitegemea afoke. Badala yake aliegemea nyuma akatabasamu tabasamu la mwanasiasa.

"Vizuri sana. Tufanye siku anayokuja huyo mama wa ofisi. Aone jinsi tunavyowalea." Akanikonyeza. "Wananchi wangu nawajua, Mwalimu."

Nilimuuliza mara mbili, mbele ya wote, kama matokeo yatafuatwa. Alikasirika kwamba niliuliza. Akasema yeye si askari, hajawahi kuiba kura ya mtu, na katika nyumba yake walio wengi watasikilizwa. Mama wa watoto alikuwa akikunja nguo. Alisema tu kwamba siku hiyo atapika maandazi.

Mkaguzi alikuja, mwanamke mwenye koti la mvua na uso mwema. Nilimtafsiria. Wagombea wawili, baba na binti, walikaa meza moja, kama nilivyofundisha, nami nikashika saa. Nilikuwa nimemkataza baba kuutumia ubaba wake kama hoja, akatii. Alizungumza juu ya kurudi. Alizungumza vizuri, nisimnyime haki yake. Aliwaeleza harufu ya mvua ya kwao mpaka mimi mwenyewe nikaikumbuka ya Morogoro. Binti yake alisimama, akasema sentensi chache tu. Alisema anawajua watoto wote wa jengo lile kwa mikoba yao na kofia zao, lakini wao hawajui kama kuna mtu dirishani. Alisema anataka kuanza siku ambayo wote ni wageni. Akakaa.

Wapiga kura walikuwa watano: baba, mama na watoto watatu. Kila mmoja aliingia bafuni peke yake na penseli, akaweka alama, akatoka na kuitumbukiza karatasi koponi. Nilivunja nta mbele ya wote, nikahesabu kwa sauti, nikionyesha kila karatasi.

Jembe nne. Nyumba moja.

Mvulana wa kati alipiga ukelele, na mdogo akampigia makofi bila kujua kilichotokea. Binti hakufanya lolote. Alimtazama baba yake tu, na mimi nikamtazama pia. Uso wa baba ulikuwa umekuwa wa majivu.

"Hesabu tena," alisema.

Nilihesabu tena. Alinyoosha mkono, akazichukua karatasi, akazitazama moja moja, kisha akazikunja zote pamoja katika kiganja chake. Akasema kwamba watoto hawajafikia umri wa kupiga kura kwa sheria ya nchi yoyote. Akasema ulikuwa mfano, mazoezi, na mazoezi yamekwisha. Akaziingiza mfukoni.

Nyani haoni kundule. Mtu aliyelala sakafuni akilinda sanduku la wenzake, mtu aliyepoteza nchi nzima kwa sababu mwenye nguvu aliamua kwamba karatasi za watu hazina maana, alifanya vilevile sebuleni kwake, mchana, maandazi yakiwa mezani. Na bunduki hakuihitaji. Nilimgeukia mkaguzi nikamwambia kwa Kiswidi, polepole ili nisikosee, kwamba ameona mwenyewe: watoto hawa wanataka kwenda shule, wamepiga kura, na kura zao ziko mfukoni mwa baba yao.

Yule mama wa ofisi alinishika mkono. Macho yake yalikuwa na machozi ya furaha. Alisema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuona somo la jamii likifundishwa kwa uhai namna ile. Alisema shule nyingi zingejifunza kwetu. Hasa alipenda ile picha ya jembe. Akamgeukia baba akampa pongezi, naye baba, mfuko umetuna, akainama akashukuru.

Ruhusa iliongezwa mwaka mmoja, na sababu iliyotajwa ilikuwa ubora wa mafundisho ya uraia.

Nilikwenda ofisini kwa mkaguzi. Nilimwambia kwamba kama ruhusa imetolewa kwa sababu yangu, basi mimi siendelei kufundisha, afute. Alinitilia kahawa. Alieleza kwa upole kwamba taarifa imeshapokelewa, kwamba wazazi ndio wenye watoto, na kwamba mchezo wa uchaguzi ni mchezo. Alinishauri nisichanganye mambo. Walipotaka kunifundisha demokrasia kwenye chuo chao waliniita mtu mzima, wakanipa na vitabu. Sasa watoto watatu wameitekeleza mbele ya macho yake, ameona ni mchezo. Nilitoka bila kunywa ile kahawa. Nilitembea vituo viwili vya treni kwa miguu kwa sababu nisingeweza kukaa karibu na binadamu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuaga. Baba alikuwa sebuleni na redio yake. Aliniitikia salamu kwa kichwa. Nilipita moja kwa moja jikoni. Mama alikuwa akichambua maharage, na binti alikuwa kwenye sinki akiosha vyombo, ametupa mgongo. Sikujali nani ananisikia.

"Dada," nilimwambia mama, "mimi siji tena. Lakini kabla sijaondoka nikuulize. Ulipiga kura na watoto wako. Nilizihesabu mimi. Ulikaa kimya kwa nini alipoziweka mfukoni? Tungekuwa wawili, wewe na mimi, tungempigia kelele."

Aliacha maharage. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua.

"Mimi? Mimi niliweka nyumba, Mwalimu."

"Nyumba?"

"Wakiingia shule hapa hatutarudi. Najua hivyo. Mama yangu yuko kule peke yake." Akafuta mikono yake kwenye kanga. "Sikuficha. Hakuna aliyeniuliza."

Maji ya bomba yalikuwa yakitiririka. Binti aliyafunga. Mikono bado ndani ya sinki, akasema kwa Kiswidi, bila kugeuka, "Basi ile ya nne ni ya baba."

Mama yake aliziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilisimama pale na koti langu, hasira niliyoibeba wiki nzima ikageuka ikawa nyingine mbaya zaidi. Mtu anayeamini kwamba mtoto wake akae nyumbani nitabishana naye mpaka kesho, lakini namwelewa. Huyu alikuwa ameingia bafuni, akafunga mlango, na mahali ambapo hakuna aliyemwona alimchagua binti yake. Halafu akatoka, na mbele ya watu akamkana.

Binti alikausha mikono. Alikwenda sebuleni, akasimama mbele ya kochi, wima, mikono nyuma, kama alivyosimama siku ile ya mawaziri. Nilimwona kupitia mlangoni.

"Baba," alisema kwa Kiswahili. "Tulikuwa pamoja. Mimi na wewe."

Baba alimtazama kwa muda mrefu. Nadhani alitaka kusema kitu. Kisha mkono wake ulikwenda kwenye redio, akaongeza sauti, na mikwaruzo ikajaa nyumba nzima.

Mwezi wa nane ulifika na darasa la saba likaanza. Hakwenda. Kura nne kwa moja, mojawapo ya zile nne ikiwa ya baba yake mwenyewe, na hakwenda.